Ziara ya miji ya Waswahili

Ziara ya miji ya Waswahili ni safari ya mapumziko inayounganisha miji kadhaa ya kale kwenye pwani ya Afrika Mashariki, hasa Lamu na Mombasa nchini Kenya, pamoja na Mji Mkongwe wa Zanzibar, Dar es Salaam na Kilwa nchini Tanzania. Wanaoifanya hutafuta mambo matatu: chakula kinachopikwa na kuuzwa barazani na mitaani, utamaduni wa miji iliyojengwa kwa mawe ya matumbawe, na fukwe za Bahari ya Hindi.

Safari ya namna hii hupangwa tofauti na ziara ya mbuga za wanyama au likizo ya hoteli moja. Msafiri hubadilisha mji kila baada ya siku chache, huvuka mpaka wa nchi na hupanda vyombo vya baharini. Kwa sababu hiyo mafanikio yake hutegemea kalenda kuliko ramani: misimu ya upepo na mvua, kujaa na kupwa kwa maji, na mwezi wa Kiislamu.

## Asili ya miji

Miji ya Waswahili ilikua kutokana na biashara ya baharini iliyofuata pepo za msimu. Majahazi kutoka Uarabuni, Uajemi na Bara Hindi yalikuja na upepo wa kaskazi na kurudi na upepo wa kusi. Wafanyabiashara walilazimika kungoja miezi kadhaa hadi upepo ugeuke, wengine wakaoa na kufanya makazi. Ndiyo maana miji hiyo, ingawa iko mbalimbali, inafanana kwa lugha, dini, ujenzi na mapishi.

Ibn Battuta, msafiri kutoka Moroko, alifika Mombasa na Kilwa mwaka 1331. Wakati huo Kilwa ilikuwa tajiri kwa biashara ya dhahabu iliyopitia Sofala. Vasco da Gama alipita pwani hiyo mwaka 1498, na mwaka 1505 Wareno waliishambulia Kilwa. Mwishoni mwa karne ya 17 Waomani waliwafukuza Wareno kutoka Mombasa, na katika karne ya 19 Sultani Said wa Omani alihamishia makao yake Zanzibar. Biashara ya karafuu, pembe za ndovu na watumwa iliikuza Zanzibar, kisha ukaja utawala wa Waingereza na Wajerumani.

Sehemu nne za njia hii zimo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO: magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara (1981), Mji Mkongwe wa Zanzibar (2000), Mji wa Kale wa Lamu (2001) na Ngome ya Yesu ya Mombasa (2011). Magofu ya Gedi, karibu na Watamu, yaliongezwa mwaka 2024.

## Kuchagua wakati

### Upepo na mvua

Mwaka wa pwani hugawanywa kwa pepo mbili kuu. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki kuanzia Desemba hadi Machi. Ni msimu wa joto kali na jua, na kwa kawaida bahari huwa tulivu zaidi. Kusi huvuma kutoka kusini-mashariki kuanzia Aprili au Mei hadi Septemba au Oktoba. Joto hupungua, lakini upepo huwa na nguvu na mawimbi huwa makubwa, hasa Juni hadi Agosti.

Mvua kubwa za masika hunyesha kati ya Machi na Mei. Hoteli nyingi za ufukweni hupunguza bei na nyingine hufunga kabisa. Mvua ndogo za vuli hunyesha Oktoba hadi Desemba. Mara nyingi huwa za vipindi vifupi na hazizuii safari.

Kwa msafiri wa miji mingi, vipindi viwili hufaa zaidi. Cha kwanza ni Januari na Februari, ambapo bahari ni shwari lakini bei ziko juu. Cha pili ni Septemba na Oktoba, ambapo kusi imelegea, joto halijazidi na wageni wamepungua. Julai na Agosti ni miezi ya hewa nzuri na sherehe nyingi, lakini asiyezoea bahari anaweza kuteseka kwenye boti.

### Mwezi wa Ramadhani

Ramadhani huanza mapema zaidi kwa takribani siku 11 kila mwaka wa kalenda ya kawaida. Mwaka 2026, kwa mfano, iliangukia Februari na Machi. Katika mwezi huo mikahawa mingi ya Lamu, Zanzibar na Mji wa Kale wa Mombasa hufungwa mchana, na kula, kunywa au kuvuta sigara hadharani ni kukosa heshima. Zanzibar kunaweza hata kumletea mtu matatizo na polisi.

Hata hivyo anayepanga safari kwa ajili ya chakula hana sababu ya kuukwepa mwezi huo. Kuanzia alasiri mitaa hujaa meza za sambusa, kaimati, vitumbua, mkate wa sinia, tende na maharage ya nazi, na baada ya magharibi miji hukesha. Vingi kati ya vyakula hivyo havionekani kwa wingi namna hiyo miezi mingine. Kinachotakiwa ni kubadilisha ratiba: kupumzika mchana, kutembea jioni na usiku. Siku za Idi el Fitri usafiri hujaa, hivyo tiketi hukatwa mapema.

### Sherehe

Tamasha la muziki la Sauti za Busara, lililoanza mwaka 2004, hufanyika Zanzibar mwezi Februari. Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya wa jadi, hufanyika Makunduchi, kusini mwa Unguja, mwezi Julai. Lamu hupokea maelfu ya wageni wakati wa Maulidi, ambayo nayo hufuata kalenda ya Kiislamu. Wakati wa sherehe hizo vyumba huadimika, na asiye na nafasi iliyowekwa mapema huweza kulala mbali na mji.

## Njia na usafiri

Kosa la kawaida katika mipango ni kuweka miji mingi katika siku chache. Kuhama mji mmoja hadi mwingine hula siku nzima, hata pale ambapo ramani inaonyesha umbali mdogo. Kanuni rahisi ni kutoa angalau siku mbili kamili kwa kila mji, bila kuhesabu siku ya safari.

Lamu hadi Mombasa. Barabara ina urefu wa zaidi ya kilomita 300 kupitia Garsen na Malindi. Basi huanzia Mokowe, upande wa bara, baada ya kuvuka kwa boti kutoka Lamu. Kwa ndege, wasafiri hutumia uwanja uliopo kisiwa cha Manda. Sehemu ya barabara kati ya Lamu na Garsen imewahi kukumbwa na mashambulizi na magari kusindikizwa na polisi. Hali ya usalama huulizwa kabla ya kukata tiketi.

Nairobi hadi Mombasa. Wanaoanzia bara hutumia treni ya reli ya kisasa, iliyozinduliwa mwaka 2017. Kituo chake kiko Miritini, nje ya kisiwa cha Mombasa, hivyo muda na nauli ya kufika mjini huongezwa kwenye hesabu.

Mombasa hadi Dar es Salaam. Ni safari ya basi ya zaidi ya kilomita 500 inayovuka kivuko cha Likoni na mpaka wa Lunga Lunga na Horohoro. Wengi huivunja kwa kulala Tanga, mji mtulivu wenye mapango ya Amboni karibu yake na njia ya kwenda Pangani.

Dar es Salaam hadi Zanzibar. Boti ziendazo kasi huchukua takribani saa mbili. Abiria wa kigeni hukaguliwa pasipoti wanapoingia Zanzibar hata kama wametoka Dar es Salaam.

Dar es Salaam hadi Kilwa. Barabara ya kusini huvuka mto Rufiji kwa Daraja la Mkapa, lililofunguliwa mwaka 2003. Kutoka Nangurukuru njia huelekea Kilwa Masoko, na kutoka hapo mashua huvusha wageni hadi Kilwa Kisiwani baada ya kupata kibali cha kutembelea magofu.

### Saa za safari

Saa za Kiswahili huhesabiwa kuanzia mapambazuko na machweo, lakini tiketi huandikwa kwa saa za kimataifa. Boti ya "saa saba mchana" huandikwa 13:00, na basi la "saa kumi na mbili asubuhi" huandikwa 06:00. Wageni wasiojua tofauti hiyo wameachwa na vyombo. Njia salama ni kutaja saa pamoja na wakati wa siku, kisha kulinganisha na tiketi.

### Usalama wa baharini

Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander I, iliyokuwa imejaza kupita kiasi, ilizama kati ya Unguja na Pemba na kuua mamia ya watu. Julai 2012, katikati ya msimu wa kusi, MV Skagit ilizama ikitoka Dar es Salaam kwenda Zanzibar. Ajali hizo mbili zinaonyesha kwa nini siku moja ya akiba ni sehemu ya lazima ya mpango. Msafiri ambaye ndege yake ya kurudi ni kesho asubuhi hushawishika kupanda chombo chochote kilichopo. Mwenye siku ya ziada anaweza kukataa chombo kilichojaa, kisicho na maboya ya kutosha au kinachoondoka wakati bahari imechafuka, akangoja kingine.

## Miji mikuu ya njia

### Lamu

Mji wa Lamu una magari machache sana. Mizigo hubebwa na punda na mikokoteni, na watu husafiri kwa miguu au kwa boti. Nyumba zake zina kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, ua wa ndani na milango ya mbao iliyochongwa. Ngome ya Lamu, iliyojengwa mwanzoni mwa karne ya 19, iko katikati ya mji karibu na soko. Msikiti wa Riyadha ni kituo cha elimu ya dini na ndiko Maulidi husomwa. Ufuko mrefu wa Shela unafikika kwa mwendo wa chini ya saa moja kwa miguu au kwa boti.

### Mombasa

Ngome ya Yesu ilianza kujengwa na Wareno mwaka 1593 kwa ramani ya mhandisi Mwitalia, Giovanni Battista Cairati. Waomani waliiteka mwaka 1698 baada ya kuizingira kwa karibu miaka mitatu. Chini ya Waingereza ilikuwa gereza hadi mwaka 1958, na sasa ni makumbusho. Nyuma yake umo Mji wa Kale, wenye roshani za mbao, misikiti na soko la viungo. Kusini mwa kivuko cha Likoni kuna ufuko wa Diani. Misitu ya kaya za Wamijikenda, ambayo pia ni urithi wa dunia tangu mwaka 2008, imesambaa pwani hiyo. Kaya Kinondo, karibu na Diani, hupokea wageni wanaoongozwa na wenyeji.

### Mji Mkongwe wa Zanzibar

Mji Mkongwe ni sehemu ya kale ya mji wa Zanzibar kwenye kisiwa cha Unguja. Ngome Kongwe ilijengwa na Waomani baada ya kuondoka kwa Wareno. Huko Mkunazini kanisa kuu la Kianglikana lilijengwa kuanzia mwaka 1873 mahali palipokuwa soko la watumwa, na hapo historia ya biashara hiyo huelezwa kwa wageni. Beit el Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883, lilibomoka sehemu yake Desemba 2020 na kuua watu. Tukio hilo lilikumbusha kuwa majengo ya chokaa hufa yasipotunzwa, na kwamba fedha za utalii zina kazi ya kufanya zaidi ya kujenga hoteli.

### Dar es Salaam

Wasafiri wengi huutumia mji huu kama njia tu, lakini una mengi kwa anayependa kula. Ulianzishwa na Sultani Majid miaka ya 1860 na ukawa makao ya utawala wa Wajerumani mwaka 1891. Makumbusho ya Taifa na Kijiji cha Makumbusho hueleza historia na nyumba za jadi za makabila ya Tanzania. Soko la samaki la Feri huchangamka alfajiri, na visiwa vya Mbudya na Bongoyo hufikika kwa boti kwa matembezi ya siku moja. Bagamoyo, mwisho wa njia ya misafara ya karne ya 19, iko takribani kilomita 70 kaskazini.

### Kilwa

Kilwa Kisiwani ina Msikiti Mkuu wenye kuba na nguzo za mawe, na jumba la Husuni Kubwa la karne ya 14. Magofu hayo yaliwekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004 na kuondolewa mwaka 2014 baada ya ukarabati. Wageni ni wachache kuliko Zanzibar, na huduma ni za kawaida. Hufaa kwa mwenye siku tatu za ziada.

## Chakula cha mitaani

Mapishi ya pwani yanabeba historia ya biashara yake. Biriani, chapati na sambusa zina uhusiano na Bara Hindi na Uajemi. Halua na kahawa tungu zina uhusiano na Omani. Muhogo na pilipili vililetwa kutoka Amerika na Wareno. Nazi, ndimu, tangawizi na iliki huunganisha vyote.

Kila chakula kina saa yake, na anayekula bila kujua saa hizo hukuta sufuria tupu au chakula kilicholala.

* Asubuhi: mahamri na mbaazi za nazi, hasa Mombasa na Lamu, vitumbua, chapati na supu kwa mama lishe wa Dar es Salaam.
* Mchana: wali wa nazi na samaki wa kupaka, pilau, au wali na maharage kwenye migahawa midogo.
* Alasiri: urojo wa Zanzibar, muhogo wa kukaanga wenye pilipili na ndimu pamoja na madafu katika bustani ya Mama Ngina, Mombasa, mihogo ya Coco Beach, Dar es Salaam.
* Jioni na usiku: mishikaki, viazi karai, pweza na ndizi za kuchoma, chipsi mayai, maarufu kwa jina la zege, Dar es Salaam, kahawa tungu na kashata barazani.

Urojo ndicho chakula kinachowakilisha Mji Mkongwe zaidi. Ni mchuzi mzito wa unga wenye rangi ya manjano na ukali wa ndimu au embe bichi. Ndani yake hutiwa viazi, bajia na kachori, kisha juu huongezwa mishikaki, chipsi za muhogo zilizosagika, chatne ya nazi na pilipili. Mwuzaji humwuliza mteja anataka nini, na kila bakuli huwa tofauti.

Bustani ya Forodhani, mbele ya Ngome Kongwe, hugeuka soko la chakula kila jioni. Huuzwa mishikaki ya samaki, juisi ya miwa iliyokamuliwa na tangawizi na ndimu, na "pizza ya Zanzibar", ambayo ni chapati nyembamba iliyojazwa nyama na mayai na kukaangwa. Kwa namna yake inafanana na mkate wa mayai wa Mombasa. Bei za Forodhani huwa juu kuliko za Darajani, na samaki wa mishikaki mara nyingine hupashwa moto zaidi ya mara moja. Inafaa kuagiza kinachopikwa papo hapo, na kupatana bei kabla ya kuonja.

Dalili za mwuzaji mzuri ni zilezile kila mji: foleni ya wenyeji, moto unaowaka, mafuta yasiyo meusi, na mtu mmoja anayeshika pesa huku mwingine akishika chakula. Maji ya chupa iliyofungwa au yaliyochemshwa hupendekezwa, na barafu isiyojulikana ilikotoka huepukwa.

## Fukwe na maji

Tofauti kati ya maji kujaa na kupwa kwenye pwani hii inaweza kufikia takribani mita 4 wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Katikati ya vipindi hivyo, wakati wa maji mafu, tofauti hupungua sana. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa husogea mbele kwa takribani dakika 50.

Jambo hili huamua ubora wa likizo ya ufukweni kuliko nyota za hoteli. Katika pwani ya mashariki ya Unguja, kwa mfano Paje, Jambiani na Bwejuu, bahari haina kina hadi kwenye mwamba wa matumbawe. Siku za bamvua maji hurudi mbali sana, kwa kawaida kabla ya adhuhuri, na hujaa tena alasiri. Anayetaka kuogelea asubuhi siku hizo hukuta tope na mwani. Nungwi na Kendwa, kaskazini mwa kisiwa, maji hayaendi mbali hivyo na watu huogelea karibu saa zote.

Maji yaliyopwa yana faida zake. Huo ndio wakati wa kina mama kuhudumia mashamba ya mwani, kilimo kilichoanza Zanzibar kibiashara mwaka 1989, na wakati wa kutembea hadi kwenye mwamba. Viatu huvaliwa kwa sababu ya viumbe wenye miiba, na mgeni hakanyagi kamba wala vigingi vya wakulima.

Nchini Kenya, hifadhi za bahari za Malindi na Watamu zilianzishwa mwaka 1968. Nyangumi huonekana karibu na Watamu kati ya Julai na Septemba. Kisiwa cha Mafia, kusini mwa Dar es Salaam, hutembelewa na papa potwe hasa kati ya Oktoba na Februari.

## Adabu

* Salamu hutangulia shughuli yoyote, hata kuuliza bei. Mtu mzima huamkiwa "Shikamoo" na hujibu "Marahaba". Mwuzaji mwanamke huitwa mama au bi, na mwanamume mtu mzima huitwa mzee.
* Mjini mabega na magoti hufunikwa, kwa wanawake na wanaume. Nguo za kuogelea ni za ufukweni tu. Kanga au kikoi kimoja mkobani hutosha kutatua tatizo.
* Chakula huliwa na hupokewa kwa mkono wa kulia.
* Picha ya mtu haipigwi bila idhini yake. Nyumba zilizopo vichochoroni ni makazi ya watu, na baraza ya nje ni sehemu ya nyumba.
* Asiye Mwislamu huuliza kabla ya kuingia msikitini.

Zanzibar kuna madalali wa mitaani waitwao papasi, wanaowapeleka wageni hotelini au kwenye boti kwa malipo ya kamisheni. Kukataa kwa upole na kwa Kiswahili, "Ahsante, nimeshapata", kwa kawaida hutosha.

## Hati, fedha na afya

Kenya na Tanzania zina taratibu tofauti za kuingia. Wageni wa mataifa mengi huomba kibali cha Kenya kwa mtandao, utaratibu ulioanza Januari 2024, na viza ya Tanzania kando. Anayetoka Kenya kuingia Tanzania huweza kudaiwa cheti cha chanjo ya homa ya manjano, kwa hiyo chanjo hufanywa angalau siku 10 kabla. Tangu Oktoba 2024 wageni wa kigeni wanaoingia Zanzibar hutakiwa kukata bima ya Shirika la Bima la Zanzibar. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Kenya tangu 2017 na Tanzania tangu 2019, na huondolewa kwenye mizigo mipakani.

Shilingi ya Kenya na ya Tanzania ni fedha mbili tofauti. Wauza vyakula mitaani hupokea noti ndogo au malipo ya simu, si kadi. Mashine za benki ni chache Lamu na kwenye vijiji vya ufukweni, hivyo fedha hutolewa mjini kabla ya kwenda.

Malaria ipo pwani yote, ingawa Zanzibar imeipunguza sana. Daktari huulizwa kuhusu dawa ya kinga, na chandarua hutumika kila usiku.

## Mfano wa mpango wa siku 14

| Siku | Mahali | Shughuli |
|---|---|---|
| 1–3 | Lamu | Mji wa kale, ngome, Shela |
| 4 | Njiani | Boti hadi Mokowe, basi hadi Mombasa |
| 5–6 | Mombasa | Ngome ya Yesu, Mji wa Kale, muhogo wa Mama Ngina |
| 7 | Njiani | Mpaka wa Horohoro, kulala Tanga |
| 8 | Njiani | Tanga hadi Dar es Salaam |
| 9 | Dar es Salaam | Feri alfajiri, boti ya mchana kwenda Zanzibar |
| 10 | Zanzibar | Mji Mkongwe, urojo, Forodhani |
| 11–12 | Ufuko | Mashariki au kaskazini, kulingana na bamvua |
| 13 | Zanzibar | Siku ya akiba |
| 14 | Kurudi | Ndege kutoka Unguja |

Mwenye siku 10 huacha Lamu, na mwenye siku 17 huongeza Kilwa baada ya Dar es Salaam. Kuondoka moja kwa moja kutoka Unguja huokoa safari moja ya boti na kupunguza hatari ya kuikosa ndege.

## Athari kwa wenyeji

Utalii huleta ajira na soko, lakini manufaa hayagawanyiki sawa. Fedha za mgeni anayelipia kila kitu nje ya nchi na kula ndani ya hoteli hufika kidogo sana mtaani. Ziara ya miji ina nafasi tofauti: nyumba ya kulala wageni ndani ya mji wa kale, nahodha wa mashua, mkulima wa mwani na mama anayekaanga mahamri hulipwa moja kwa moja.

Upande wa pili, nyumba za miji ya kale zinapogeuzwa hoteli, kodi hupanda na familia huhamia pembezoni. Maji safi ni haba vijijini kwenye pwani ya mashariki ya Unguja, na hoteli hutumia mengi. Mji wa kale uliobaki na wageni peke yao hupoteza hata kile walichokuja kukitafuta, kwa kuwa urojo, maulidi na mazungumzo ya barazani huhitaji wakazi.

## Tazama pia

* Waswahili
* Mji Mkongwe
* Lamu
* Ngome ya Yesu
* Kilwa Kisiwani
* Urojo
* Pepo za msimu